Mvuto Kumi na Tano, Busara Sita

“Kwenye Mvuto nikuandikie ngapi?” Mwalimu Kalunde aliuliza kwa mara ya tatu.

Nkwabi Jilala alivitazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba. “Sita inatosha, Mwalimu.”

“Sita ni ya mtu anayeomba maji ya kunywa akaonyeshwa mto.”

“Hiyohiyo.”

Kalunde Mihayo alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na sita kabla ya kuwa Msawazishaji wa Baraza la Meza la Kaselya, kusini mwa Tabora, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu akipewa alama za bure akazikwepa. Kila mwenye shauri alipewa sitini, azigawe apendavyo katika mafungu sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Mvuto. Wengi walizirundika kwenye Akili na Mvuto, wakaacha Nguvu ikiwa tatu, halafu wakati wa mapumziko wakaomba kushikiwa kikombe cha chai.

“Busara?”

“Kumi na tano.”

“Kumi na tano! Ya nini yote hiyo? Watu huja hapa kusema, Nkwabi, hawaji kunyamaza.”

“Ndiyo niliyoizoea. Nisipokuwa nayo sijui nitashika wapi.”

Mwalimu akaandika: nane, kumi, kumi na mbili, tisa, kumi na tano, sita. Akajumlisha kwa mdomo, akapata sitini, akapiga mistari miwili chini yake kama alivyozoea ubaoni. Kisha akauchukua ukanda, kitu cha rangi ya majivu chenye upana wa vidole viwili, akamvika Nkwabi kichwani juu kidogo ya masikio, na kuingiza tarakimu moja moja kwenye kisanduku chake cha mezani.

“Inua kikombe hicho.”

Nkwabi, mtu wa kupanda miti ya mizinga kila siku ya Mungu, alikiinua kwa mikono miwili, na chai ikamwagikia suruali. Hiyo ndiyo nane ya Nguvu. Ukanda haukuongeza kitu kwa mtu; ulichota hapa ukamimina pale, na ulipovuliwa kila kitu kilirudi mahali pake. Aliyetaka kusema vizuri zaidi alikubali kuona vibaya zaidi, au kusahau zaidi, au kuchoka haraka. Ndiyo maana watu waliuamini.

Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Bi Tatu Kasembe, mshereheshaji wa harusi zote za Kaselya na vitongoji vyake, kilemba cha dhahabu kichwani.

“Shikamoo Mwalimu! Nasikia leo unanipunguza.”

“Marahaba. Ukijipunguza ni wewe mwenyewe. Kwa asili una Mvuto wa kumi na saba. Ukibaki nao wote, utakosa kwingine.”

“Kumi na saba! Na darasani kwako hesabu nilikuwa napata tatu.” Bi Tatu akacheka mpaka kisanduku kikatikisika mezani. Walihangaika, wakakubaliana kumi na nne, ili Akili ibaki kumi na mbili. Nayo ilifika sitini kamili. Aliposalimiana na Nkwabi alimwita “mdogo wangu,” na Nkwabi akamwita “dada,” kwa sababu walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta na hawakuwa na ugomvi mwingine duniani ila huo mmoja.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mwezi wa sita, kundi la nyuki la Nkwabi lilihama mzinga, likaruka ukuta, likaingia ndani ya spika kubwa ya harusi ya Bi Tatu iliyokuwa imeanikwa uani. Wakajenga masega humo. Nkwabi alisema nyuki ni wa kwake. Malkia wao ni wa uzao aliouacha marehemu mama yake, na hana mwingine. Alitaka spika ifunguliwe. Bi Tatu alisema hakumwita nyuki hata mmoja, wamekuja kwa miguu yao, yaani kwa mabawa yao, wamechagua kwake, na spika ikifunguliwa na msumeno haitaimba tena. Miezi mitatu walikuwa wakisalimiana kila asubuhi na kununiana kila jioni. Ndipo wakaandikisha shauri.

*

Baraza la Meza lilikuwa na meza kweli, ya duara, katikati ya ukumbi wa kata. Msimulizi wake, Bwana Gervas Lugembe, alikuwa amestaafu kutangaza mpira redioni, lakini mpira haukuwa umestaafu kwake. Pembeni walikaa wasikilizaji watatu waliopigiwa kura: mshona nguo, muuza maandazi, na Mzee Sizya aliyewahi kuendesha treni. Hao ndio wangeamua mwishoni.

“Naam, mabibi na mabwana, ukumbi umefurika!” Bwana Gervas alianza, ingawa watu hawakuzidi sitini. “Tupo katika Ngome ya Ukungu. Ndege wa moto mia tano wamehama mnara wa magharibi, mnara wa Mlezi Dunda, wakatua mnara wa mashariki, mnara wa Binti Mfalme Zumaridi! Nani mwenye ndege? Dadu liko mezani!”

Hivyo ndivyo mashauri yalivyoamuliwa Kaselya tangu mabaraza ya meza yaanzishwe. Mtu hakutaja jina la jirani yake wala la ukoo wake. Alivaa mhusika, akavaa ukanda, akadai haki yake ndani ya hadithi. Alipotaka kushawishi alirusha dadu la nyuso ishirini, na lisipozidi alama zake za Mvuto, maneno yake yalihesabiwa kuwa yamefika. Alipotaka kukumbusha jambo la zamani alitumia Akili. Alipotaka kujua mwenzake anaficha nini alitumia Busara. Mtu na jirani yake wangeweza kuparurana mchana kutwa kama Dunda na Zumaridi, na jioni wakaazimana kiberiti.

Bi Tatu alirusha dadu, likaanguka tisa. Akasimama. Kumi na nne yake ilikuwa pungufu ya ile aliyozaliwa nayo, lakini alikuwa na miaka thelathini ya kusimama mbele ya watu, na hiyo haikuwa kwenye kisanduku chochote. Alijua wapi pa kunyamaza. Alijua kumtazama muuza maandazi wakati anataja mama, na Mzee Sizya wakati anataja safari.

“Sikuwafungia mlango,” Zumaridi alisema. “Sikuwafungulia. Nililala, nikaamka, nikakuta wageni mia tano wanaimba. Jamani, nyinyi mgeni akija kwenu, mnamuuliza alikotoka kabla hamjampa maji?”

Muuza maandazi alifuta jicho.

Zamu ya Mlezi Dunda. Dadu likaanguka saba. Moja tu zaidi ya sita yake.

“Nje! Mpira umegonga mwamba!” akapiga kelele Bwana Gervas.

Nkwabi alisema, “Ndege... ni wale wa mama.” Akakaa.

Mara ya pili kumi na moja. Mara ya tatu kumi na tisa. Alifanikiwa kwenye Busara tu: alirusha nne, akatambua kwamba Binti Mfalme hana hila, anapenda kweli kuwasikia ndege wakiimba asubuhi kwa kuwa nyumba yake ni kimya. Lakini alipotambua hivyo alizidi kukosa la kusema.

Mpaka wanaitwa chakula cha mchana, Mwalimu Kalunde aliona sura za wasikilizaji zimeshaamua.

*

Kanuni za baraza zilitaka kanda zivuliwe wakati wa chakula na kuwekwa ofisini kwa Msawazishaji. Kalunde alikaa nazo mbele yake, wali ukipoa.

Sitini kwa sitini. Hakuna wa kumlaumu. Na bado alikuwa ameona mtu anazama huku karatasi inasema wote wawili wanajua kuogelea. Usawa gani huo? Alikuwa amewaambia watoto miaka ishirini na sita kwamba namba hazisemi uongo, na leo namba zilikuwa zinasema uongo mbele ya watu sitini, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Zaidi ya hayo, na hili hakupenda kujiambia, aliamini nyuki ni wa Nkwabi.

Akavuta kisanduku. Ukanda wa Nkwabi ukawaka taa ya kijani. Busara, kumi na tano. Mvuto, sita. Hakuongeza hata moja. Alibadilisha nafasi tu: Busara, sita, Mvuto, kumi na tano. Akajumlisha kwa mdomo, mara mbili. Sitini. Hata mkaguzi angekuja na miwani miwili asingeona kosa la jumla.

Akala wali wake ukiwa baridi, na ukamshuka vizuri.

*

Nkwabi aliporudi na kuvikwa ukanda alijinyoosha shingo kama mtu aliyevaa shati jipya. Kisha akatabasamu. Ukumbi haukuwa umewahi kuyaona meno ya Nkwabi Jilala. Yalikuwa mazuri.

“Msimulizi,” alisema, “naomba dadu, kama halijachoka kunikimbia.”

Watu wakacheka. Dadu likaanguka kumi na nne.

“Goooo! Mpira wavuni!”

Nkwabi akasimama na kuanza kusema, na wallahi alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alisimulia jinsi mama yake Dunda alivyomfundisha kuweka mkono mlangoni mwa ndege wa moto na kungoja mpaka wamjue. Alisimulia siku ya msiba, ndege walivyotulia ndani bila kutoka. Mshona nguo aliangusha sindano. Mzee Sizya alivua kofia. Kalunde, kwenye kiti chake cha nyuma, akajisemea moyoni: hivi ndivyo alivyokuwa ndani yake siku zote, alikosa mlango tu.

Angeishia hapo, shauri lingekuwa limekwisha. Lakini aliyekuwa wa kumwambia Nkwabi aishie hapo alikuwa amebaki na alama sita.

“Wala sitaki ndege peke yao,” aliendelea, akiuzunguka mviringo wa meza. “Nataka na mnara! Ndege wangu wamelala humo miezi mitatu, mnara umenukia asali yangu, umekuwa wangu!” Watu wakapiga makofi. “Na ukuta kati ya minara, nao ubomolewe, kwa sababu ndege hawaujui!” Wakapiga makofi zaidi. Mtu mmoja alipiga mluzi. “Na nataka Bwana Msimulizi atangaze jina langu kila Jumamosi!”

“Limepita hilo!” alisema Bwana Gervas, macho yakimng’aa.

Bi Tatu alirusha dadu. Likaanguka tano; lilikuwa zuri, lakini ukumbi haukuwa wake tena, akatafuta pa kuanzia. “Ndege walinichagua,” alisema. “Walikuja kwangu wenyewe.”

Nkwabi akainama kumwelekea, sauti laini kama siagi.

“Hawakukuchagua, Binti Mfalme. Walifuata kelele wakidhani pana sherehe. Sikiliza nikwambie. Mwenye kukuchagua alikuwepo, naye alihamia Mpanda akatafute kimya.”

Ukumbi ulicheka. Ulicheka kwanza, kama mwili unavyopiga chafya, kisha ukasikia ulichokicheka. Kila mtu Kaselya alijua mume wa Bi Tatu alikwenda Mpanda kwa wiki mbili miaka tisa iliyopita na hajarudi. Hakuna aliyewahi kulitaja.

Bi Tatu alikuwa ameshika dadu. Hakulirusha. Alilitazama tu, upande huu na upande ule, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na sita.

Kalunde akajikuta amesimama. “Simamisheni mchezo.”

“Mshika kibendera ameinua mkono!” akatangaza Bwana Gervas. “Sijui ameona nini huko, maana mimi—”

“Gervas, nyamaza. Nimehamisha alama za Nkwabi. Mimi. Wakati wa chakula. Nimechukua tisa kwenye Busara nikazitia kwenye Mvuto, wala sikumuuliza yeye, wala sikumwambia Bi Tatu.”

Kelele iliyozuka hapo haikuhitaji spika. Na wa kwanza kumtetea alikuwa Nkwabi, aliyepanda juu ya kiti.

“Ndugu zangu! Mnamtazama kama mkosaji? Huyu ni mama aliyeona mwanawe amefungwa ulimi akaukata ule uzi! Nani kati yenu hana mwalimu aliyemwongezea nusu alama akafaulu?”

Mzee Sizya alianza kutikisa kichwa kukubali. Muuza maandazi naye. Kalunde aliona kwamba dakika moja zaidi, atasafishwa mbele ya macho yake na kosa lake mwenyewe. Akapita katikati ya watu, akapanda kiti cha pili, akamvua Nkwabi ukanda kichwani.

Nkwabi alibaki juu ya kiti, mkono bado umeelekezwa hewani. Akaushusha. Akashuka. Akatazama viatu. Kilichokuwa kimetoka kilikuwa kinarudi, na kila kilichorudi kilikuta maneno aliyoyasema yamekaa pale yanamsubiri.

“Dada Tatu,” alisema.

Bi Tatu alikuwa ameshavua ukanda wake. “Si sasa,” alimjibu, akatoka.

Nkwabi akamgeukia Kalunde. Hakupaza sauti, hakuwa nayo. “Mwalimu, nani alikwambia nataka kuwa vile?”

“Ulikuwa unashindwa, mwanangu.”

“Nilikuwa nashindwa, ndiyo. Lakini nilikuwa nashindwa mimi.” Akatafuta neno linalofuata, akalingoja mpaka lilipofika. “Ile ya mumewe niliifikiria asubuhi. Ilinijia, nikaiweka chini. Ukanda haukunipa maneno yale, Mwalimu. Yalikuwa yangu. Umenichukulia kile ninachoyashikia.”

Kalunde alijumlisha tena kwa mdomo, ikawa sitini ileile. Akaukunja ukanda, akaurudisha mezani.

*

Shauri likafutwa. Bwana Gervas, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya majeruhi, alisoma kanuni ya tisa: Msawazishaji anayehamisha alama bila idhini ya mwenyewe asimamishwe kazi, na avae ukanda wenye alama zilezile kwa siku moja, mawio hadi machweo, apate kuijua kazi ya mikono yake. Siku ikapangwa Alhamisi, siku ya gulio.

Kalunde alikuwa ameazimia kujifungia ndani. Lakini ukanda ulipowaka, azimio hilo lilionekana la kizembe. Kujificha kwa nini, na gulio lote lile limejaa watu ambao hawajamsikia?

Alifika sokoni saa mbili. Kufikia saa tatu alikuwa amekubali kuwa mgeni rasmi kwenye harusi tano, mbili kati yake za siku moja. Alimwambia muuza vitunguu kwamba sharubu zake zinamfanya afanane na mfuniko, na muuza vitunguu akacheka, akamshukuru, akaenda kuzinyoa. Alimwambia Bwana Gervas mbele za watu kwamba kwa miaka thelathini ametangaza mechi ambazo hazikutokea uwanjani, na Bwana Gervas alimkumbatia. Aliahidi kufuga mbuzi watatu wa mjane mmoja, yeye anayeogopa mbuzi. Kila alichosema kilipokewa kama mvua. Mvuto wake wa kuzaliwa ulikuwa saba, maisha yake yote alikuwa amesema jambo la kweli mara mbili ndipo mtu aulize, “Umesema nini?” Leo alisema la kwanza tu na watu wakasogea.

Saa sita alipanda juu ya kreti la soda, akaanza kueleza shauri la nyuki.

Alieleza kwa nini alihamisha zile alama. Alieleza habari za karatasi inayosema watu wako sawa wakati meza inasema hawako. Ilikuwa kweli, karibu yote. Aliyaacha machache: kwamba hakuuliza, kwamba kulikuwa na mtu aliyevuliwa kitu chake. Hayakuwa na ladha katika hotuba. Akawauliza kama wangetaka Kaselya ambayo mnyonge anazama kwa mujibu wa sheria, wakapiga kelele hapana, na hapohapo mtu akaleta daftari. Warudishe kazini Mwalimu Kalunde! Foleni ikaanza. Waliojua kuandika waliandika, wasiojua waliweka dole gumba.

Nyuma kabisa, karibu na wauza ndoo, alimwona Nkwabi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanunua kamba ya katani, akaondoka.

Jua lilipozama karani wa baraza alikuja kumvua ukanda. Kalunde aliketi kwenye kreti lake, na mambo yakaanza kumrudia moja moja: sharubu, harusi, mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa hapo karibu, wanamtazama. Akalifungua daftari apate cha kushika. Majina mia mbili na kumi na mawili. La kwanza kabisa, kwa wino wa zambarau na mkia mrefu, lilikuwa Tatu Kasembe.

Alilisoma mara nyingi. Huyu mtu aliyedhalilishwa kwa mkono wake alikuwa amesimama kwenye jua, akamsikiliza, akalia labda, akamwandikia msamaha ambao hakuombwa kwa haki. Jumatatu daftari lingefika barazani. Wangemrudisha. Hakuna aliyedanganywa kwa jambo hata moja ambalo lingeweza kuonyeshwa kwa kidole. Na alikuwa anaipenda kazi yake.

*

Asubuhi, daftari kwapani, alipiga hodi kwa Bi Tatu. Aliwakuta uani wote wawili. Spika ilikuwa imelazwa juu ya mkeka, na Nkwabi, amevaa wavu usoni, alikuwa anafungua skrubu za nyuma moja moja, bila msumeno, akisubiri kati ya moja na nyingine. Bi Tatu alishika bomba la moshi kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili kama anayembeba mtoto wa mtu mwingine.

“Tumeelewana,” alisema Bi Tatu kabla hajaulizwa. “Alikuja jana jioni. Alikaa pale kwenye ngazi nusu saa nzima hajasema kitu. Nikamwambia sema basi, akasema anatafuta. Alipolipata likawa moja tu, samahani, na likanitosha. Atawagawa. Malkia mkuu anarudi kwake, mimi nabaki na sega lenye vifaranga wa malkia, na mzinga ataniletea. Nitakuwa na wa kuniamsha.” Akapuliza moshi, akakohoa. “Mwalimu, ile hotuba! Nililia mpaka wanja ukaisha. Mimi wa fani nakwambia.”

“Nimekuja ufute jina lako.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ulilia.”

Bi Tatu akalishusha bomba. Alimtazama mwalimu wake wa zamani, juu mpaka chini, kwa jicho la mtu anayepima ukumbi. “Haya. Nishawishi.”

Kalunde alisimama wima, mikono ubavuni. Alitafuta ndani yake, akakuta pako kama palivyokuwa siku zote, pakavu na pamefagiliwa.

“Nilibadilisha namba mbili. Zilikuwa za mtu. Sikumuuliza. Wewe ukaumia.” Akafikiri kama kuna kingine. “Ni hayo.”

Nyuki walinguruma taratibu ndani ya spika.

“Mwalimu,” alisema Bi Tatu, “hiyo ni hotuba mbovu kuliko zote nilizowahi kusikia, na nimeshasherehesha harusi ya bubu.” Akaipokea kalamu, akapiga mstari juu ya jina lake, na mkia wake mrefu pia. “Bado mia mbili na kumi na mmoja.”

“Mimi simo humo,” ilisema sauti ya Nkwabi chini ya wavu. “Usinihesabu.”

“Najua,” Kalunde alijibu. “Nilikutafuta.”

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Sizya. Alimkuta kibarazani anapiga mswaki, akamweleza yaleyale, kwa maneno yaleyale, na Mzee Sizya akamsikiliza kwa huruma nyingi, akatema povu, akatikisa kichwa.

“Hapana, mama. Jana ulikuwa sawa kabisa. Leo ni busara tu inakusumbua.”

“Ndiyo,” alisema Mwalimu Kalunde, akimfungulia ukurasa. “Imerudi jana jioni. Jina lako ni la nane, na kalamu hii hapa.”